Uliza Msimu Kabla ya Kukata Tikiti

KUULIZA si ujinga, walisema wahenga. Katika kisa hiki aliyekuwa mjinga si yule aliyeuliza, bali ni yule aliyejibu. Na aliyejibu ni mimi.

Nilikuwa Butere, katika Kaunti ya Kakamega, kule inakokomea reli ya tawi itokayo Kisumu. Swala ya alasiri ilikuwa imekwisha, na mvua, kama ilivyo ada ya nchi ile, ilikuwa imefika kwa wakati wake. Tuliketi barazani kwa duka moja, wazee watatu na vijana wawili, tukingoja ipungue. Mmoja wa wale vijana alikuwa na bahasha ya plastiki mkononi, na ndani yake mlikuwa na pasipoti na karatasi za mkataba. Alikuwa amepata kazi ya ujenzi mjini Doha, katika nchi ya Qatar, na safari yake ilikuwa ya mwezi wa Julai.

Akanigeukia kwa adabu akaniuliza, "Mzee, wewe ni mtu wa Mombasa. Joto la Doha ni kama la kwenu?"

Nami, bila kufikiri, nikamjibu, "Joto ni joto, mwanangu. Kaa Mombasa wiki moja mwezi wa Machi, utakuwa umefuzu."

Watu wakacheka, mvua ikapungua, tukaagana. Lakini usiku ule, nilipojifunika blanketi mbili na kusikia matone juu ya mabati, jibu langu lilianza kunisuta. Kwa hakika nilikuwa nimemdanganya mtoto wa watu. Sikumdanganya kwa kusudi. Nilimdanganya kwa majivuno ya sisi watu wa pwani, tunaodhani kwamba kwa kuwa tumezaliwa na jasho shingoni, basi hapana joto duniani tusilolijua.

Makala haya ni ya kulisahihisha jibu lile. Na kwa kuwa vijana wa Likoni, Kisauni, Lamu na Malindi wamo katika safari hiyo hiyo pamoja na vijana wa Butere na Mumias, nadhani masahihisho hayo yatatufaa sote.

BABU ZETU NA MISIMU

Kwanza tukumbushane kwamba baina ya pwani na nchi ile ya Wanga kuna udugu wa zamani. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilifika kwa Nabongo Shiundu, na mahali pale pakajulikana na wasafiri kwa jina la Kwa Sundu. Mzungu Joseph Thomson alipofika hapo mwaka 1883, alikuta njia imekwisha kukanyagwa na watu wa pwani. Baadaye, katika enzi ya Nabongo Mumia aliyetawala hadi 1949, Uislamu ulikuwa umeshika mizizi, na hata leo mtu wa Mombasa akiingia Mumias siku ya Ijumaa hajioni mgeni.

Watu wale waliacha nchi ya minazi na upepo wa bahari, wakafika nchi iliyo juu ya mita elfu moja na zaidi kutoka usawa wa bahari, yenye usiku wa baridi na mvua isiyojua kukata tamaa. Eneo la Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nayo Mombasa hupata takriban nusu ya hizo. Lakini watu wale walifika kwa miguu, miezi kwa miezi, na mwili wao ulibadilika kidogo kidogo kila walipopanda mlima mmoja na kuvuka mto mmoja. Njia yenyewe ilikuwa mwalimu. Ndege haina ualimu huo. Kijana hulala Butere kwenye nyuzi 16, na usiku unaofuata hushuka Doha kwenye nyuzi 32, na asubuhi anatakiwa kazini.

Tena babu zetu wa upande wa bahari hawakung'oa nanga bila ya kuuliza msimu. Majahazi ya Oman na Ghuba yalikuja na kaskazi, kuanzia Desemba hivi, na yakarejea na kusi lilipoanza Aprili. Kusi lilipokaza katika Juni na Julai, bahari ilifungwa. Nahodha hakuona haya kukaa kitako na kungoja, na wala hapana aliyemwita mwoga.

Na twende nyuma zaidi. Msomaji mwenye chuo anaijua Sura ya Quraish, ambayo imetaja misafara yao miwili, wa kipupwe na wa kiangazi. Wafasiri husema kwamba msafara wa wakati wa baridi ulielekea Yemen iliko joto, na ule wa wakati wa joto ulielekea Sham iliko baridi. Basi wale Maquraish waliokulia jangwani, ambao joto ni ndugu yao wa kunyonya, nao walichagua mwezi na mji. Sisi ni nani hata tusafiri kwa tarehe aliyoipanga wakala?

Hebu tazama mkasa huu. Miezi ile ile ambayo babu zetu waliifunga bahari ndiyo miezi ambayo nchi za Ghuba huwaka moto. Tunapojifunika shuka huku Mombasa mwezi wa Julai, kwenye nyuzi 28 mchana na 21 au 22 usiku, Doha huwa kwenye nyuzi 42 mchana. Tikiti haina msimu. Hukatwa Januari na hukatwa Julai, na kwa mwenye kuikata ni mamoja.

JASHO LISILOKAUKA

Sasa tuje kwenye kosa langu lenyewe. Nilisema joto ni joto. La, joto si joto.

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, nalo jasho halipozi kwa kutoka bali kwa kukauka. Ndiyo maana mtu wa pwani anajua kwamba siku ya nyuzi 32 yenye upepo ni afadhali kuliko siku ya nyuzi 30 iliyotulia tuli, nguo zikawa zimegandama mgongoni. Hewa ikijaa unyevu, jasho hutiririka bure, na mwili hubaki na moto wake ndani.

Miji ya Ghuba iliyo kandoni mwa bahari, kama Doha, Dubai na Muscat, ina joto la jangwa na unyevu wa bahari kwa pamoja. Maji ya Ghuba yenyewe huwa ya uvuguvugu wakati wa kiangazi, na upepo utokao kwake hauna nafuu ya kuleta. Riyadh iko mbali na bahari, na joto lake la nyuzi 43 au 44 mwezi wa Julai ni kavu. Huko jasho hukauka upesi kiasi cha kwamba mtu hajui ametokwa na maji mangapi mpaka kichwa kimwume na mkojo uwe mwekundu. Kwa hiyo joto la mvuke na joto la tanuri ni madhara mawili mbalimbali, na kila moja lina hadhari yake.

Halafu kuna usiku. Sisi pwani mchana hutuchosha, lakini usiku pepo huvuma, mwili ukapumzika. Mwezi wa Juni 2018, katika mji wa Qurayyat ulio pwani ya Oman, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana mzima. Narudia, msomaji: hiyo haikuwa joto ya adhuhuri, bali ndiyo baridi yao ya alfajiri. Mombasa haijui mchana wa namna hiyo, sembuse usiku. Na huko Mitribah, Kuwait, tarehe 21 Julai 2016 kilipimwa kiwango cha nyuzi 53.9, ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekithibitisha kuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyopata kupimwa kwa uhakika.

Lakini tusiwe kama yule aliyeumwa na nyoka akauogopa ukuti. Si Uarabuni kote kuliko hivyo. Mji wa Abha, katika milima ya Asir nchini Saudi Arabia, uko juu kiasi cha mita 2,200, na mtu wa Butere akishushwa huko Julai atadhani amerudi kwao, ila atakosa migomba. Na Salalah, kusini mwa Oman, ina jambo la kumfurahisha kila mtu wa pwani. Kusi lile lile linalotupoza sisi Juni hadi Septemba huvuka bahari na kuipiga milima ya Dhofar, likashuka kama ukungu na manyunyu. Wenyewe huyaita majira hayo kharif. Milima hugeuka kijani kibichi, na joto husimama kwenye nyuzi 27 au 28, wakati ambapo Muscat, katika nchi hiyo hiyo, inatokota. Basi anayesema "naenda Oman" au "naenda Saudia" bado hajasema aendako. Ataje mji, ataje na mwezi.

MWILI HUJIFUNZA

Kuna waliosema nami kwamba sisi tuliozaliwa na joto tumekwisha kuzoea. Wataalamu wa afya kazini wanatukanusha. Mwili huzoea joto kali kwa muda wa wiki moja hadi mbili za kazi inayoongezwa pole pole, na mazoea hayo hupotea tena katika wiki chache mtu akiondoka penye joto. Hayarithiwi kwa kuzaliwa Mji wa Kale. Mtu wa Mombasa anayesafiri Julai, katika kilele cha kusi, atakuwa ametoka katika miezi ya baridi yake, na mwili wake hauna habari. Tofauti yake na mtu wa Butere ni ndogo kuliko anavyodhani, na hatari yake pengine ni kubwa zaidi, kwa sababu yule wa Butere anaogopa na huyu anajivuna.

Idara ya usalama wa kazi ya Marekani inaeleza kwamba nusu na zaidi ya vifo vya joto vya wanaofanya kazi nje hutokea katika siku chache za mwanzo. Ndiyo maana wanashauri mgeni apewe siku ya kwanza sehemu moja tu katika tano ya kazi, kisha aongezewe sehemu moja kila siku. Je, ni wakala gani aliyemweleza kijana wetu habari hizo?

Na si kwamba madhara ni ya nadharia. Wanepali, waliotutangulia kwenda Ghuba kwa makundi makubwa, wametuachia somo chungu. Mwaka 2019 watafiti walitoa uchunguzi juu ya vifo zaidi ya 1,300 vya wafanyakazi wa Nepal waliofariki Qatar kati ya 2009 na 2017. Waliona kwamba vifo vya maradhi ya moyo vilipanda pamoja na joto, na kwamba wengi wa waliokufa walikuwa vijana. Madaktari wa Nepal nao wamekuwa wakipokea vijana waliorudi na figo zilizokufa.

Ikiwa watu wa dunia ni wa kuhurumiwa, basi na mahujaji wetu tuwakumbuke. Katika Hija ya 2024 joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba watu 1,301 walifariki, na zaidi ya wanne katika kila watano walikuwa hawana kibali rasmi. Kwa hiyo walitembea mwendo mrefu juani, bila ya mahema wala mabasi waliyokuwa nayo wenzao. Jua lilikuwa moja kwa wote. Paa ndilo lililotofautiana. Mwenyezi Mungu awarehemu, nasi atupe mazingatio.

SAA ZA MCHANA

Serikali za huko hazikulala. Kila kiangazi hutolewa amri ya kukataza kazi za nje wakati jua liko utosini. Qatar, tangu 2021, hukataza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, toka Juni mosi hadi Septemba 15. Tena imeamuru kazi isimame saa yoyote ikiwa kipimo maalumu, kile kinachohesabu unyevu, jua na upepo kwa pamoja, kimepita nyuzi 32.1. Saudi Arabia hukataza saa sita hadi saa tisa mchana, Juni 15 hadi Septemba 15. Kuwait hukataza saa tano hadi saa kumi, Juni hadi Agosti.

Haya ni mambo mema, na kijana ayajue kwa kichwa kama anavyojua namba ya pasipoti yake. Lakini aangalie mipaka ya amri hizo. Zinasema juu ya kazi za nje. Hazisemi juu ya jiko. Dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani, na hao ndio wengi katika wanaotoka pwani, hawamo. Binti anayepika mbele ya meko matatu, kisha akapanda darini kuanika nguo saa saba mchana, hana amri inayomlinda ila huruma ya mwenye nyumba. Na chumba anacholala, je, kina dirisha? Kina kiyoyozi, au kiyoyozi ni cha wenyewe? Haya nayo ni maswali ya hali ya hewa, ingawa hayamo katika taarifa ya habari.

BARIDI NA GIZA

Wengine hawaendi kwenye moto bali kwenye barafu. Kenya ilitia saini mapatano na Uingereza mwaka 2021 juu ya wauguzi, na Septemba 2024 ikatia saini mengine na Ujerumani juu ya wafanyakazi wenye ujuzi. Jamaa zetu wengi wako pia Marekani na Kanada, na ndugu Wasomali wameufanya mji wa Minneapolis kuwa kama wao, mji ambao usiku wa Januari hushuka nyuzi kumi na zaidi chini ya sifuri.

Baridi yenyewe ina dawa, nayo ni koti, viatu na pesa za kulipia moto wa nyumba. Jambo tusilolijua sisi tunaoishi karibu na Ikweta ni giza. Butere na Mombasa, jua huchomoza saa kumi na mbili hivi na kuzama saa kumi na mbili hivi, mwaka mzima, hata tumepanga hesabu yetu ya saa kwa kulifuata. London mwezi wa Desemba jua huchomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Maana yake adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaangukia ndani ya zamu moja ya kazi. Mwezi wa Juni mambo hugeuka, magharibi ikawa saa tatu na dakika ishirini usiku, na isha karibu na usiku wa manane, na alfajiri ikabisha hodi kabla mtu hajapata usingizi. Muuguzi Mwislamu anayekwenda huko na aulize mapema habari ya mapumziko na mahali pa kuswalia, wala asingoje Desemba imkute.

Na saumu hali kadhalika. Ramadhani huzunguka mwaka mzima kwa takriban miaka 33. Katika miaka ya 2014 hadi 2016 ilipoangukia kiangazi, Waislamu wa London walifunga saa 18 na zaidi. Sasa imo katika miezi ya baridi, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na Desemba, siku zikiwa fupi kabisa. Anayehamia huko kwa miaka mingi na ajue kwamba wepesi huo ni wa muda.

Kuna jambo jingine linalowahusu hasa mama na dada zetu wavaao buibui. Mwili hutengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua juu ya ngozi. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi, na ngozi iliyositirika hupata kidogo. Katika nchi isiyo na jua miezi sita mifupa huanza kulalamika. Idara ya afya ya Uingereza inashauri watu wa namna hiyo wanywe vidonge vya vitamini D mwaka mzima, mikrogramu kumi kwa siku. Dawa ni rahisi. Tatizo ni kwamba wengi huisikia habari hiyo baada ya kuumwa.

MWENYE NJAA HACHAGUI HEWA?

Hapa msomaji ataniambia, "Mwandishi, wewe umeshiba. Mwenye njaa hachagui hewa." Naukubali uzito wa hoja hiyo. Kule Butere na Mumias maisha ya watu yalifungamana na miwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, kikasomesha watoto na kujenga nyumba. Kilipozidiwa na madeni hata kikawekwa chini ya msimamizi wa wadai mwaka 2019, wakulima walibaki wanaitazama miwa yao. Ingawa mwishoni mwa 2021 kilikodishwa kwa kampuni nyingine, kijana hawezi kuahirisha ujana wake. Pwani nako tuna hadithi zetu za hoteli zilizofungwa na kazi za bandari zilizopungua. Mwaka 2024 Wakenya walioko ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9. Pesa hizo ni karo, ni mabati, ni dawa ya mama. Hapana mwenye haki ya kuzidharau.

Lakini ninayosema hayamzuii mtu kwenda. Nahodha aliyengoja kusi lipungue hakuwa amekataa safari. Alikuwa amekataa kuzama. Kijana aliyesaini mkataba wa miaka miwili, akaenda Oktoba badala ya Julai, amepoteza miezi mitatu na amepata miezi minane ya kuzoea kabla jua halijamjia kwa ukali. Akiwa hana hiari ya mwezi, basi ana hiari ya maarifa, nayo hayalipiwi na wakala. Tawakali yetu tumefundishwa huja baada ya kumfunga ngamia, si kabla.

MASWALI SITA

Asubuhi ya pili nilirudi kwa yule kijana nikamwomba radhi kwa jibu langu la barazani. Nikamkuta anafungasha, na mama yake amemtilia sweta zito la sufi katika sanduku. Kijana alikuwa akicheka, "Mama, sweta Uarabuni?" Nikamwambia asicheke. Januari usiku wa Riyadh hushuka hadi nyuzi tisa, na hata Doha hufika 13, tena anayelala chumba kimoja na wenzake saba hana mamlaka juu ya kiyoyozi. Yule mama, ambaye hajapata kuvuka hata Nakuru, alikuwa amejibu vizuri kuliko mimi.

Tukaketi, akachukua daftari la shule la mdogo wake, akaandika maswali sita. Nayaweka hapa kwa faida ya wengine.

La kwanza, ni mji gani hasa, na uko pwani, jangwani au mlimani? La pili, nitafika mwezi gani, na huo ni mwezi wa namna gani huko? La tatu, kazi ni ya ndani au ya nje, na huanza saa ngapi na kuisha saa ngapi katika kiangazi? La nne, nitalala wapi, wangapi chumbani, na usiku hupozwa na nini? La tano, siku za mwanzo nitapewa kazi nzima, au nitaachwa nizoee? La sita, maji ya kunywa yako karibu na mahali pa kazi, na nikizidiwa naruhusiwa kukaa kivulini bila ya kukatwa mshahara?

Na mwenye kuelekea nchi za baridi abadilishe mawili: aulize mwanga wa mchana ni saa ngapi Desemba, na nani analipia moto wa nyumba.

Kijana akampigia simu wakala mbele yangu. Wakala aliweza kujibu mawili tu, la mji na la mwezi; hayo mengine alisema yatajulikana "ukifika". Kijana akakata simu, akanitazama, kisha akavaa viatu akaenda Mumias kwa mtu aliyefanya kazi Doha miaka minne, akamwulize manne yaliyobaki. Nilipoondoka Butere siku ile mvua ilikuwa haijaanza, naye alikuwa hajarudi.

Tarehe ya safari yake, mpaka ninapoandika haya, bado ni ile ile ya Julai. Ameomba isogezwe mbele, na hajajibiwa. Nami nimerudi Mombasa, kusi linavuma, na kila likinigusa usoni namkumbuka. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Dua yetu ni kwamba kila aliyetoka arejee, na arejee na figo zake mbili.